Kabla Hujamwandikia Mwenzio "Angrily"

Wadogo zangu, leo nataka tukae na neno moja tu la Kiingereza, angrily, maana barua zenu zimelizunguka sana. Mmoja wenu yuko kidato cha pili, na mwalimu wake wa Kiingereza amemkosesha mahali alipodhani amepatia. Mwingine yuko mapokezi katika hoteli ya ufukweni upande wa Bagamoyo. Neno hilo limeandikwa juu yake kwenye taarifa ya tukio, amepewa barua ya kujieleza, na anataka kujua uzito wake kabla hajajibu. Nitaanza na mwanafunzi, kwa sababu bila sarufi yake hatutafika popote. Kisha nitakaa na huyu wa hoteli, maana lake ndilo lililoniuma.

Angrily maana yake ni "kwa hasira". Limetoka kwenye kivumishi angry, na ukiongeza -ly ile y ya mwisho inageuka kuwa i, kama hungry inavyozaa hungrily na happy inavyozaa happily. Ukiandika angryly umekosea. Katika kutamka, mkazo uko mwanzoni kabisa: ANG-gri-li. Sisi tuliolelewa na Kiswahili ndimi zetu zimezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana wengi husema ang-GRI-li, na mgeni akabaki anakutazama. Litamke kwa sauti mara kadhaa ukiwa peke yako mpaka mdomo uzoee. Ukitaka kusema mmoja amemzidi mwenzake kwa hasira, sema more angrily.

Wale mnaosoma tamthilia ya Macbeth ya Shakespeare mtakutana humo na umbo jingine, angerly, anapozungumza mmoja wa wale wachawi. Si kosa la chapa. Ni Kiingereza cha miaka zaidi ya 400 iliyopita, na leo hakiandikwi hivyo. Ukiliiga kwenye insha yako, mwalimu atakukosesha na hutakuwa na la kumjibu.

Sasa tuje kwenye kosa la mdogo wangu. Aliandika She closed angrily the door. Kiswahili hakimbani mtu sana juu ya mahali pa kielezi. "Alifunga mlango kwa hasira" ni sawa, "kwa hasira alifunga mlango" ni sawa, na hata "alifunga kwa hasira mlango wa mbele" hakuna atakayekushangaa. Kiingereza hakikubali hilo la mwisho. Kitenzi na kile kinachotendwa hukaa pamoja, wala hupitishi kielezi katikati yao. Andika She closed the door angrily, au She angrily closed the door, au, ukitaka msomaji aione hasira kabla ya tendo, Angrily, she closed the door. Nafasi zipo tatu na zote zinafaa. Ile ya nne ndiyo inayotutambulisha mara moja kwamba tunafikiri kwa Kiswahili huku tukiandika Kiingereza.

Kosa lake la pili lilikuwa My mother looked angrily. Hili nataka tulielewe vizuri, maana linawapata hata walimu. Kitenzi look kina kazi mbili. Kuna kutazama na kuna kuonekana. Mama akikutazama kwa hasira, hilo ni tendo la macho yake, basi ni My mother looked at me angrily. Mama akionekana amekasirika, hapo hakuna alichotenda, unaeleza hali yake, basi ni My mother looked angry. Kipimo chake ni chepesi. Toa kitenzi, weka was mahali pake, usome tena. Kama maana imebaki ileile, unahitaji angry. Kipimo hicho kinafanya kazi pia kwa seem, sound, feel na become. Ndiyo maana hatusemi I feel angrily hata kama hasira imetupanda mpaka kichwani.

Yako mengine madogo nitayapita haraka. Kwa kuwa sisi husema "kwa hasira", wengi huandika with angry. Hapana. Baada ya with inakuja nomino, with anger, na mara nyingi Kiingereza hupendelea in anger. Kuna wanaoandika She angered wakimaanisha "alikasirika". Kitenzi anger ni kukasirisha, si kukasirika, kwa hiyo lazima kimpate mtu: His words angered me, maneno yake yalinikasirisha. Kukasirika ni get angry au become angry. Unamkasirikia mtu, angry with, na Wamarekani hupenda angry at. Unakasirikia jambo, angry about. Angry by haipo.

Kuna na mtego wa mad. Huko Marekani mtu akikwambia I'm mad at you anamaanisha amekukasirikia, wala si kwamba amerukwa na akili. Basi msichana akifikiri kwamba madly ndiyo itakuwa "kwa hasira", anajiingiza pabaya, maana Waingereza na Wamarekani husema mtu ni madly in love pale ambapo sisi tungesema amependa mpaka amepagawa. Ukiandika He spoke to me madly, msomaji ataona kichaa, hataona hasira.

Na ninyi wauguzi mnaosoma kona hii: daktari wa kigeni akisema the wound looks angry, anazungumzia kidonda kilichovimba, chekundu, chenye joto. Anakutaka ukiangalie upesi.

Mdogo wangu wa kidato cha pili, wewe hayo yanakutosha kwa mtihani. Kaa lakini, usikilize na haya, kwa kuwa siku moja utaandika taarifa kazini.

Dada wa mapokezi ameninakilia sentensi iliyoandikwa na msimamizi wake. Inasema: She angrily told the guest that he would not get his key. Nayo barua yake kwangu inaeleza hivi. Mgeni alirudi usiku kutoka matembezini, akaomba ufunguo. Kadi yake ya benki ilikuwa imekataa malipo ya usiku wa nyongeza, na utaratibu wa hoteli ni kwamba malipo hutangulia. Alimwambia kwa upole. Mgeni akauliza tena, akiwa amesogea kaunta. Umeme ulikuwa umekatika na jenereta inanguruma nyuma ya ukuta, basi yeye akasimama, akarudia maneno yaleyale kwa sauti ya juu. Msimamizi alikuwa mlangoni. Alichoona ni msichana aliyesimama na sauti iliyopanda. Alichoandika ni hasira.

Tazama jinsi kile kielezi kilivyofanya kazi. Ukikitoa, sentensi inabaki She told the guest that he would not get his key, yaani alimwambia mgeni kwamba hatapata ufunguo. Hiyo ni habari ya mfanyakazi aliyefuata utaratibu. Ukikirudisha, unapata habari ya mfanyakazi asiye na adabu. Hakuna tendo lililoongezeka kati ya sentensi hizi mbili. Kilichoongezeka ni hukumu juu ya moyo wa mtu, na imetolewa na mtu aliyekuwa hatua kadhaa mbali, kukiwa na kelele.

Ninaamini jambo moja juu ya neno hili, nalo ndilo nililotaka kuwaambia leo. Mtu pekee anayeweza kulitumia bila kukisia ni mwenye hasira mwenyewe. Mimi najua nilipokasirika. Wewe unajua ulipokasirika. Lakini juu ya mwenzangu, ninachokijua ni nilichokiona na nilichokisikia: sauti ilipanda, mlango ulibamizwa, mkono uligonga meza, jibu lilikuwa la mkato. Hayo ndiyo ya kuandika. Msomaji wa taarifa akiona hayo atajua mwenyewe kama ilikuwa hasira au jenereta.

Nusu ya shida hii imetoka kwetu wenyewe, kwa namna tunavyotafsiri kichwani. Kwa Kiswahili tuna ukali na tuna hasira, na kila mtoto anajua tofauti yake. Bibi anaweza kuwa mkali mwaka mzima bila kukasirika hata siku moja. Mwalimu mkali ni sifa, na wazazi huwatafutia watoto wao shule yenye walimu wakali. Lakini tukifika kwenye Kiingereza, mara nyingi tunayabwaga yote mawili kwenye angrily, kwa sababu ndilo neno la kwanza tulilofundishwa. "Alimwambia kwa ukali" si angrily. Ni sternly, ikiwa aliyesema ana mamlaka na anaonya. Ni firmly, ikiwa alishikilia msimamo wake bila kuyumba. Ni sharply, ikiwa maneno yalikuwa mafupi na yenye makali. Dada wa mapokezi, kwa maelezo yake, alisema firmly. Lau msimamizi angekuwa na neno hilo mkononi, pengine barua ya kujieleza isingeandikwa.

Na lazima niseme na hili, wadogo zangu wa kike hasa. Mwanamume akirudia sentensi kwa sauti nzito huitwa mtu wa msimamo. Mwanamke akifanya hivyohivyo huambiwa ana hasira, ana kisirani, ameamka vibaya. Mnalijua hili bila ya mimi kuwafundisha. Kwenye mazungumzo hupita, lakini kwenye karatasi hukaa. Likishaingia kwenye faili lako, meneja atakayekuja miaka mitatu baadaye, ambaye hakuwahi kukuona, atakujua kwa kielezi hicho kimoja. Ndiyo maana sitaki mlichukulie kuwa jambo la sarufi tu.

Hasira nayo ina ndugu wengi katika Kiingereza, na kila mmoja ana tabia yake. Crossly ni hasira ndogo, ile ya mama aliyechoka na maswali ya mtoto. Waingereza hulitumia zaidi. Irritably ni kukereka, mtu amesumbuliwa mara nyingi na sasa anajibu huku amekunja uso. Furiously ni ghadhabu kubwa, lakini jihadhari nalo, kwa kuwa lina maana nyingine ya kufanya jambo kwa kasi na nguvu nyingi. Karani aliye typing furiously huenda amefurahi kabisa. Anaandika mbio tu. Heatedly hutumika kwa mabishano ya watu zaidi ya mmoja, pale pande zote zimepandwa na jazba. Ukisema watu wawili walijadiliana heatedly, hujamlaumu mmoja ukamwacha mwingine, na hiyo ni haki kubwa katika taarifa ya ugomvi.

Nataka tukae kidogo na mawili ya mwisho. Bitterly ni kwa uchungu. Anayelalamika bitterly ameumizwa na anakumbuka alivyoumizwa. Indignantly ni hasira ya aliyedhulumiwa au kudharauliwa, na ndani yake mna dai la haki: "Mimi si wa kutendewa hivi." Ukisema mtu alijibu angrily umesema amekasirika. Ukisema alijibu indignantly umekiri kwamba huenda anayo sababu. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko herufi zake. Mwanamke anayeambiwa mbele ya wateja kwamba ameiba chenji, akajibu kwa sauti, hajibu angrily tu. Mwandishi mwenye kumtendea haki ataandika indignantly.

Hata historia ya neno lenyewe inaelekea huko. Anger liliingia Kiingereza kutoka lugha ya watu wa Skandinavia waliohamia Uingereza zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na kwao angr lilikuwa huzuni, taabu, kubanwa na jambo. Na hasira yetu asili yake ni Kiarabu, hasra, ambayo kwa Waarabu ni majonzi na majuto. Lugha mbili zilizo mbali hivyo, na zote neno la hasira limetoka kwenye maumivu. Mimi nikisikia mtu anafoka, najiuliza kwanza ameumia wapi. Sikuombi ufanye hivyo na kila mgeni anayekutukana kaunta, lakini na mwenzako wa kazini, na mdogo wako, na mumeo, jaribu.

Mnaoandika hadithi kwa Kiingereza, na najua mpo, sikilizeni hapa. Waandishi wakubwa wa Marekani wameliandama jambo hili. Elmore Leonard, katika kanuni zake 10 za uandishi zilizochapishwa na New York Times mwaka 2001, alikataza kuweka kielezi baada ya said. Stephen King, kwenye kitabu chake On Writing cha mwaka 2000, naye anawasihi waandishi wapunguze vielezi. Si sheria ya Mungu. Vitabu vya Harry Potter vimejaa watu wanaosema mambo angrily na watoto wa dunia nzima wamevisoma kwa raha. Ila mimi nakubaliana na Leonard na King, na sababu yangu ni ya Kiswahili. Sisi lugha yetu imetulea na vitenzi vinavyobeba hasira ndani yake: kufoka, kukaripia, kung'aka, kubwata, kuhamaki. Hakuna mtu anayesema "alifoka kwa hasira" isipokuwa anayejaza nafasi, kwa kuwa kufoka tayari kuna hasira. Kiingereza nacho kinavyo. Snap ni kujibu kwa mkato na makali. Slam ni kubamiza. Storm out ni kutoka umefura. Ukiandika He slammed the door angrily umelipa nauli mara mbili kwa safari moja.

Basi, dada wa mapokezi, njoo sasa tuandike jibu lako.

Kwanza jua haki yako. Wewe uko Tanzania Bara, na kanuni za utendaji bora za ajira za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri akujulishe tuhuma kwa namna na lugha unayoweza kuielewa. Kabla ya kikao cha nidhamu unatakiwa kupewa muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, na unaweza kwenda na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi akusaidie. Kama barua uliyopewa ni ya Kiingereza na kuna sentensi hujaielewa, omba ufafanuliwe kwa Kiswahili, tena uombe kwa maandishi. Usione haya. Kuuliza maana ya neno ulilotuhumiwa nalo si ujinga.

Pili, usijibu kielezi kwa kielezi. Shauku ya kwanza itakuwa kuandika I did not speak angrily, I spoke politely. Sentensi hiyo haikusaidii, kwa sababu sasa ni neno lako dhidi ya neno la msimamizi, na yeye ana cheo. Andika yaliyotendeka, kwa mpangilio wake, uwaachie wasomaji wapime. Kwa mfano:

At about nine in the evening the guest asked for his key. His card payment had been declined. I told him that I could not give him the key until the payment went through. He asked again. The power was off and the generator was running behind the wall, so I stood up and repeated the same words in a louder voice.

Soma tena uone. Hakuna hata kielezi kimoja cha moyo. Kuna saa, kuna kadi iliyokataa, kuna maneno uliyoyasema, kuna jenereta. Kila kitu humo kinaweza kuthibitishwa na mtu mwingine: mashine ya kadi ina kumbukumbu yake, fundi wa jenereta anajua aliiwasha saa ngapi, na mlinzi wa getini alisikia. Baada ya hapo ndipo unaweza kuongeza sentensi moja inayogusa neno lenyewe: The report says that I spoke angrily. I was speaking loudly so that he could hear me. Yaani, taarifa inasema nilisema kwa hasira, ilhali nilikuwa nikisema kwa sauti ili anisikie. Inatosha. Usiongeze kwamba msimamizi hakupendi, hata kama ni kweli.

Tatu, na hili nakuuliza wewe na moyo wako: je, ulikasirika? Inawezekana. Usiku, umeme hakuna, mtu mzima amekuinamia kaunta anakudai ufunguo usioweza kumpa. Kama ulikasirika na kikatoka kitu ambacho hakikupaswa kutoka, basi neno hili ni lako na uliandike mwenyewe: I spoke angrily, and I apologise for my tone. Wewe ni shahidi halali wa hasira yako. Sentensi hiyo ina nguvu kuliko utetezi wa kurasa tatu, kwa sababu hakuna anayeweza kukupinga na hakuna cha kufichua tena. Lakini isiandikwe kwa sababu umetishwa, au umeambiwa "saini tu yaishe". Ukikubali hasira ambayo hukuwa nayo, umewapa ushahidi dhidi yako kwa mkono wako.

Kuna na wenzenu walioko Muscat, Dubai na Doha kwenye kazi za nyumbani, ambao ujumbe juu yao kwa wakala wa ajira huandikwa kwa Kiingereza cha simu. She answered Madam angrily ni sentensi fupi, na inaweza kumrudisha mtu nyumbani bila mshahara wa mwisho. Ushauri ni uleule. Siku likitokea jambo, usisubiri upande wa pili uandike kwanza. Andika yako siku hiyohiyo, sentensi nne au tano, saa ngapi, nani alisema nini, wewe ulijibu maneno gani hasa. Tuma kwa wakala, na nakala kwa ndugu yako mmoja huku nyumbani. Muscat familia nyingi zinasema Kiswahili, na ukiweza kuyamaliza na mwenye nyumba kwa Kiswahili kabla hayajageuzwa Kiingereza, yamalize hivyo.

Na ninyi mliopanda vyeo, mnaoandika taarifa za wenzenu, nawaomba kwa dhati. Mkifika mahali mkono unataka kuandika angrily, simameni mjiulize: nimeona nini, nimesikia nini? Andikeni hicho. Kama sauti ilipanda, raised her voice ipo. Kama alitoka bila kuaga, left without a word ipo. Kama alitukana, andikeni tusi lenyewe katika alama za kunukuu, kwa kuwa hata tusi ni ushahidi bora kuliko kielezi. Mkishaandika mliyoyaona na bado mnahisi hasira haijasomeka, basi huenda haikuwapo.

Dada wa mapokezi, chapa maelezo yako nakala mbili. Wasilisha moja, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Ukiletewa karatasi nyingine ya kusaini siku ya kikao, isome neno kwa neno, na ukikuta angrily imebaki humo bila tendo lolote la kuithibitisha, usisaini kabla haijaondolewa.